Shati jeupe, mabega mekundu

Mama mmoja alimleta kliniki mwanawe mwenye ualbino, wa darasa la tatu. Mtoto amevaa kofia pana, shati la shule la mikono mirefu, usoni kapakwa losheni ya jua. Alipovua shati, mabega yalikuwa mekundu na ngozi imeanza kubambuka. “Daktari, huyu hatoki nje bila shati!”

Nililichukua shati lile, nikaingiza mkono ndani, nikaliinua dirishani. Vidole vyangu vyote vitano vilionekana.

Mionzi ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana inayounguza ngozi, hupenya kwenye vitundu vilivyo kati ya uzi na uzi, kwa hiyo jambo la kwanza ni kitambaa kilichofumwa kwa kubana. Wataalamu hupima kinga hiyo kwa kipimo kiitwacho UPF. Nguo ya UPF 50 hupitisha sehemu moja tu kati ya 50. Tisheti nyeupe nyepesi ya pamba mara nyingi haivuki 7, na ikilowa jasho au maji hushuka hadi 3 hivi, maana yake theluthi ya mionzi inafika mwilini. Jinzi huvuka 50 bila taabu. Nguo inayobana nayo huvutika, vitundu vikapanuka. Ndiyo maana nawaomba wazazi wanunue saizi inayopwaya.

Rangi iliyokolea hunyonya mionzi kuliko nyeupe, isifike ngozini. Wazazi hunijibu kwamba nyeusi ina joto, nami nawaelewa, lakini nguo ya bluu iliyokolea inayopwaya hupitisha hewa na inavalika. Poliesta nayo hunyonya mionzi kuliko pamba tupu, hivyo shati la mchanganyiko wa viwili hivyo si la kudharau. Kwenye mitumba, liinue kila shati juani kabla ya kuuliza bei. Lililochakaa kwa kufuliwa miaka mingi liache, hata kama ni laini na zuri.

Nasisitiza haya kwa sababu ngozi ya mtoto huyu haina melanini, rangi ya asili ya ngozi, ya kutosha kujikinga, na jua la kwetu karibu na ikweta ni kali mwaka mzima. Saratani za ngozi ninazoziona kwa watu wazima wenye ualbino zilianza na mabega mekundu kama haya, miaka mingi nyuma.

Kikwazo cha mama yule kilikuwa sare: shule inataka shati jeupe. Basi nikamwandikia mwalimu mkuu barua, nikaomba mtoto aruhusiwe shati zito la bluu, nikapiga muhuri.