Je, wajua kwa nini alama ya kutolingana hugeuka ukigawanya kwa namba hasi?

Kila anayeanza aljebra hufika mahali akaambiwa: ukizidisha au ukigawanya kwa namba hasi, geuza alama. Ya "kubwa kuliko" iwe "ndogo kuliko", na ya "ndogo kuliko" iwe "kubwa kuliko". Wengi huishika kanuni hiyo kama walivyopewa, wakaitumia kwenye mtihani, kisha ikawatoka. Inasikitisha, maana sababu yake huonekana kwa macho ukichora mstari mmoja tu.

Chukua 2 na 5. Hakuna anayebisha kwamba 2 < 5. Zidisha zote mbili kwa −1, utapata −2 na −5. Sasa chora mstari wa namba, sifuri katikati, chanya kulia, hasi kushoto, uziweke zote nne. 5 ilikuwa mbali na sifuri kuliko 2 kwa upande wa kulia. Baada ya kuzidisha, −5 ni ile ile iliyo mbali zaidi, ila umbali huo sasa uko upande wa kushoto. Iliyokuwa kulia kwa mwenzake imeangukia kushoto kwake. Na kwa kuwa kwenye mstari huu "kubwa kuliko" maana yake ni "kulia kwa", hatuna budi kuandika −2 > −5. Namba zimebadilishana nafasi, alama imefuata.

Linganisha na vitendo vingine. Ukijumlisha 3 pande zote mbili, namba zote zinasogea kulia hatua zile zile. Hakuna inayompita mwenzake. Ukitoa, zinasogea kushoto pamoja. Ukizidisha kwa 4, zinatanuka kutoka sifuri, nafasi kati yao inakua, lakini mpangilio ni ule ule. Ni namba hasi peke yake inayoupindua mstari mzima, sifuri ikabaki palepale.

Picha hii ya namba kama mahali inajulikana kutoka kwa John Wallis, mwanahisabati wa Uingereza. Mwaka 1685 alieleza namba hasi kwa mfano wa mtu anayetembea: akienda mbele yadi 5, kisha akarudi nyuma yadi 8, atakuwa yadi 3 nyuma ya alipoanzia, yaani yuko kwenye −3. Alama zenyewe, < na >, zilikuwa zimeshatangulia. Zilichapishwa mwaka 1631 katika kitabu cha Thomas Harriot, naye mwanahisabati wa Uingereza, miaka 10 baada ya kifo chake. Alama ya kulingana, =, ni ya zamani zaidi: Robert Recorde, mwanahisabati wa Wales, aliichapisha mwaka 1557.

Mtu akikuambia bado haamini habari ya kugeuza alama, mpe hesabu hii: −3x + 4 ≤ 19 (≤ ni "ndogo kuliko au sawa na", na ≥ ni "kubwa kuliko au sawa na"). Kwa njia ya kawaida, toa 4 pande zote, ubaki na −3x ≤ 15. Gawanya kwa −3, geuza alama: x ≥ −5. Sasa mwambie aifanye bila kugawanya kwa namba hasi hata mara moja. Ajumlishe 3x pande zote: 4 ≤ 19 + 3x. Atoe 19: −15 ≤ 3x. Agawanye kwa 3, ambayo ni chanya: −5 ≤ x. Ni jibu lile lile, kwa sababu kusema −5 haiizidi x ni sawa na kusema x haipungui −5. Kwa maoni yangu njia hii ya pili ndiyo ingefundishwa kwanza, halafu kanuni ije kama njia ya mkato. Mwanafunzi akiisahau kanuni, atabaki na mahali pa kurudi.

Kisha ahakiki. Sifuri ni namba nzuri ya kujaribia: −3(0) + 4 ni 4, na 4 ≤ 19 ni kweli, basi sifuri lazima iwemo kwenye jibu. −6 inatoa 22, ambayo imezidi 19, basi −6 iwe nje. Na −5 yenyewe inatoa 19 kamili. Imo.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kuchora. Jibu la mlinganyo wa kawaida, kama x + 1 = 6, ni nukta moja. Jibu la kutolingana ni eneo zima, halihesabiki, kwa hiyo tunalionyesha kwa mstari mzito wenye mshale. Kwa x ≥ −5 tunaweka duara lililojazwa juu ya −5, kisha tunavuta mshale kwenda kulia. Ingekuwa x > −5, duara lingeachwa tupu.

Kwa nini duara tupu? Kwa nini tusianze tu kwenye namba inayofuata? Kwa sababu haipo. Chukua x < 4. Mtu atasema mwisho wake ni 3, lakini 3.9 nayo ni ndogo kuliko 4. Vivyo hivyo 3.99, na 3.999. Namba yoyote utakayoitaja chini ya 4, mimi nitaijumlisha na 4 nigawanye kwa 2, nipate nyingine iliyo kubwa kuliko yako na bado haijafika 4. Hakuna ya mwisho ya kuwekea nukta. Duara tupu linasema: mpaka ni hapa, ila mpaka wenyewe haumo. Mambo hubadilika pale x inapohesabu vitu visivyogawanyika, kama idadi ya watu. Hapo x < 4 huchorwa kwa nukta zilizoachana, 0, 1, 2 na 3, bila mstari wa kuziunganisha.

Kuna kosa dogo linalojirudia sana hapa. Watu huona alama > wakadhani ni kichwa cha mshale, wakachora kuelekea kulia. Kwa x > 7 watapata kwa bahati. Kwa 7 > x watakosa, maana 7 > x ni sawa na x < 7, na mshale unakwenda kushoto. Andika kwanza ukiweka x upande wa kushoto, halafu uchore.

Kosa jingine liko kwenye kuandika kutokana na maneno. "Isiyozidi 8" ina sauti ya kuzidi ndani yake, na mkono wa anayeanza hukimbilia >. Sentensi inakanusha x > 8, na kinachobaki ukikanusha hilo ni 8 yenyewe pamoja na zote zilizo chini: x ≤ 8. "Isiyopungua 8" na "angalau 8" zote ni x ≥ 8. "Zaidi ya 8" na "chini ya 8" huiacha 8 nje.

Sasa turudi kwenye namba hasi, maana kanuni ina mtego ambao wengi hawaonywi. Tuseme 6/x > 2. Kishawishi ni kuzidisha pande zote kwa x, upate 6 > 2x, kisha x < 3. Jaribu −1: 6 ukigawanya kwa −1 ni −6, na −6 haizidi 2 hata kidogo. Jibu limeingiza namba zisizostahili. Tumezidisha kwa x bila kujua kama ni hasi au chanya, na tumeona kwamba mpangilio wa namba hutegemea jambo hilo hasa. Ikiwa x ni hasi, 6/x ni hasi na haiwezi kuzidi 2. Sifuri hairuhusiwi kugawanyia. Inabaki x chanya, ambapo kuzidisha hakugeuzi kitu, na jibu ni 0 < x < 3: duara tupu kwenye 0, duara tupu kwenye 3, na mstari mzito katikati yake.