Radio ya jino haina urani ndani

Kwetu Katanga, ukitaja miale mtu hukumbuka Shinkolobwe, ule mgodi wa karibu na Likasi uliotoa sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya atomiki ya mwaka 1945. Kwa hiyo mama wa Kamalondo au Katuba, hapa Lubumbashi, akiambiwa mtoto wake apigwe radio ya jino, yaani picha ya eksirei, hofu yake naielewa. Ila mashine ya eksirei haina madini yanayotoa miale usiku na mchana. Ni ya umeme. Kitufe kikibonyezwa, miale hutoka kwa sehemu ya sekunde tu; umeme ukikatika (na mnajua unavyokatika), haitoi chochote. Picha ikishapigwa, hakuna miale inayobaki chumbani wala mdomoni.

Kipimo chake ni kidogo. Picha moja ndogo ya ndani ya mdomo kwa kawaida haifiki mikrosiveti 10 (mikrosiveti ni kizio cha kupimia miale inayompata mtu). Ardhi, hewa, chakula na anga humpa binadamu wastani wa mikrosiveti 2,400 kwa mwaka, hata asipomwona daktari. Mama mjamzito aseme hali yake, lakini asiache jino lenye usaha kwa kuogopa picha. Aproni ya madini ya risasi, ile ya kumkinga mgonjwa na miale, nayo chama cha madaktari wa meno cha Marekani kilisema mwaka 2024 si lazima tena. La maana zaidi ni mwali uelekezwe palepale panapotakiwa.

Filamu ya zamani ilihitaji dawa za kusafishia na giza, na dawa ikichakaa picha hutoka na ukungu, mgonjwa anarudishwa kitini. Siku hizi daktari huweka mdomoni kihisi bapa, kifaa kinachopokea miale badala ya filamu, kilichovikwa mfuko mpya wa plastiki. Ni kigumu, kinabana, watoto hawakipendi hata kidogo. Lakini kinatosheka na miale michache kuliko filamu, na picha huonekana kwenye kompyuta papo hapo.

Urahisi huo una mtego. Picha isiyogharimu filamu hurudiwa ovyo, na kila kurudia ni miale mingine. Radio huonyesha tundu lililojificha kati ya magego mawili, usaha kwenye ncha ya mzizi, gego la mwisho lililolala ndani ya taya. Tundu linaloanza inaweza isilione, na mizizi iliyopangana mmoja nyuma ya mwingine huonekana kama mmoja. Basi daktari aangalie mdomo kwanza. Akikutuma kwenye radio kabla hujafungua mdomo, muulize anatafuta nini. Ni haki yako.

Kabla ya kuondoka omba faili yenyewe ya picha. Skrini iliyopigwa kwa simu hupoteza vitu vidogo ambavyo daktari mwingine angevihitaji, na WhatsApp huibana picha zaidi. Itume kama dokumenti, la sivyo huko uendako utapigwa nyingine, na kuilipia tena.