Je, wajua kwa nini pikipiki hukosa nguvu mvua ikinyesha?

Pikipiki inakwenda vizuri wiki nzima, mvua inyeshe kidogo tu, inaanza kumisi, yaani injini inakatakata. Wengi watakwambia maji yameingia kwenye petroli, na mimi nilikuwa mmoja wao. Nilishusha tangi, nikafungua kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, mara mbili, nikakinga petroli kwenye chupa ya kioo na kuitazama juani. Safi kabisa. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yangekuwamo yangetuama chini na kuonekana. Tena maji yaliyo ndani ya tangi hayaondoki eti kwa sababu jua limewaka, ilhali pikipiki yangu ilipona yenyewe kila barabara ilipokauka. Hilo lingetosha kunizindua kabla sijashika spana.

Halafu nikailaumu hewa. Mvuke hula nafasi ya oksijeni, ni kweli, lakini kwenye nyuzi 30 za Selsiasi hewa iliyoshiba unyevu huwa na mvuke wa takriban asilimia 4 tu. Upungufu huo hauwezi kukushusha kwenye pikipiki uanze kusukuma.

Mara nyingi mkosaji ni umeme. Plagi, inayotoa cheche ya kuwasha petroli, hupokea volti 10,000 au zaidi kutoka kwenye koili, kifaa kinachopandisha volti. Kofia ya plagi au waya wake ukiwa na ufa, maji yaliyochanganyika na vumbi huupa umeme huo njia ya mkato hadi kwenye bodi ya injini. Ajabu ni kwamba injini hiyohiyo hunguruma bila wasiwasi pikipiki ikiwa imesimama, ikakata ukivuta mafuta kupanda mlima.

Chukua mpira wa kumwagilia wenye tundu katikati. Mdomo ukiwa wazi, tundu linadondosha tu. Uzibe mdomo kwa kidole gumba, maji yote yanachupa pembeni. Ndani ya silinda, kidole gumba ni mgandamizo: ukivuta mafuta, hewa nyingi zaidi huingia na kubanwa, na cheche huhitaji volti kubwa zaidi kuruka mwanya wa plagi. Mbele kukiwa kugumu, umeme hupita kwenye ufa.

Usiku, injini ikinguruma, nilipuliza manyunyu ya maji kwenye waya na kofia, mikono ikiwa mbali. Vicheche vya buluu vikaanza kuruka kutoka kwenye kofia hadi kwenye mapezi ya silinda, tik, tik, tik. Nilivitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kofia mpya ilimaliza kazi, pamoja na kuzibua kitundu cha kutolea maji kando ya plagi, kilichojaa tope.

Si kila kisa ni cha umeme, lakini. Kwenye baridi yenye unyevu, hata juu ya nyuzi sifuri, petroli ikigeuka mvuke hupoza kabureta mpaka barafu ikajijenga ndani. Mkosaji huyo ni mgumu kumkamata: ukisimama dakika chache, joto la injini huyeyusha ushahidi wote kabla hujafungua hata skrubu moja.