Roketi za Shaba na kongamano la usiku wa manane

Nilipomwambia yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, nyumbani Katuba, Lubumbashi, kwamba nimelipia Worldcon, kongamano la dunia la bunilizi za kisayansi, aliniuliza kama nitashona nguo ya roboti. Simlaumu. Picha zinazotufikia kwenye simu ni za mavazi tu. Mavazi yapo, tena yanashonwa kwa ustadi, lakini saa nyingi huenda kwenye mazungumzo: watu wanne au watano mezani, na ukumbi unauliza maswali. Na hiyo si dhana potofu pekee ninayoisikia kuhusu kongamano hili.

"Bila viza huwezi kushiriki." Kongamano la 2020 lilipangwa kufanyika Wellington, New Zealand, na Korona ikalihamishia lote kwenye intaneti. Saa nne asubuhi kule ni saa sita usiku Lubumbashi. Nililala mchana, nikanunua mega za intaneti, nikachaji simu mapema maana mtaani kwetu umeme hupenda kukatika usiku.

"Mwandishi huitwa, akalipwa." Wageni wa heshima ndio hugharimiwa. Wengine, hata wanaozungumza mezani na wanaopanga viti, hununua uanachama wao na kufanya kazi kwa kujitolea.

Dhana iliyonipotezea usiku mzima ni kwamba mchapishaji yuko pale akisubiri muswada wangu. Nilikuwa nimeandika muhtasari wa riwaya kwa Kiingereza, nimeurudia mara tatu, na nilikuwa nikiwinda majina ya wahariri badala ya kusikiliza wanachosema. Ukweli ni kwamba kumsukumia mtu muswada hapo ni kukosa adabu. Majarida hutangaza kipindi cha kupokea hadithi na masharti yake, nawe unatuma kama wengine. Usiku wa pili niliuacha muhtasari, nikajiandikisha kwenye kikao kidogo cha mwandishi mmoja na wasomaji wachache. Alieleza jinsi alivyoitupa sura nzima aliyoipenda kwa sababu ilikuwa inaeleza mashine badala ya kumfuata mtu anayeitumia. Nilikuwa na sura tatu za aina hiyo.

Tuzo ya Hugo, ya bunilizi hizi, iliyoanza 1953 na hutolewa kwenye kongamano hilo, haiamuliwi na jopo la maprofesa. Wanachama wa kongamano ndio hupendekeza na kupiga kura.

"Mambo hayo ni ya Wazungu." Hii inaniuma. Ni kweli kongamano hilo lilianza New York mwaka 1939 na halijawahi kufanyika Afrika. Lakini waandishi wa bunilizi hizi wa Afrika wana jumuiya yao tangu 2016, na tangu 2017 inatoa tuzo ya Nommo. Na sisi wa Katanga tutasemaje kwamba hayatuhusu, wakati urani ya mgodi wetu wa Shinkolobwe ilitumika katika bomu la Hiroshima?

Usiku wa mwisho mazungumzo yaligusa safari za anga. Niliandika kwenye gumzo la kikao kwa Kiingereza changu cha kuokoteza: mwaka 1977 na 1978 kampuni ya Kijerumani, OTRAG, ilirusha roketi kutoka kaskazini mwa Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, na ya tatu ikaanguka Rais Mobutu akiwa anatazama. Msomaji mmoja akauliza: watu wa kule walisema nini walipoiona?

Sikuwa na jibu. Wiki iliyofuata nilipanda basi hadi komini ya Kenya, hapahapa Lubumbashi, kwa mzee mmoja mzaliwa wa upande wa Manono, kule kaskazini, nikiwa na daftari.