Kwa nini meli ya utafiti hurudi kuchota maji pale pale

Meli ya utafiti inapojiandaa kutoka Mombasa kwenda kuchota maji na tope la baharini, maswali huanza kabla nanga haijang'olewa. Wako wanaoamini kwamba sisi watafiti tunatafuta mafuta. Wako wanaohofia kuwa vyombo vyetu vitafukuza jodari. Na wako wanaouliza swali ambalo mimi naliona zito kuliko yote: maji ya mwaka huu si ndiyo yale yale ya mwaka jana, mbona mnarudia?

Tunarudia kwa sababu chupa moja ya maji, hata ikipimwa kwa mashine bora kiasi gani, haisemi mengi. Mtoto akipelekwa kliniki mara moja, muuguzi atajua kilo zake tu. Ni mstari wa kwenye kadi, mwezi baada ya mwezi, unaomwonyesha kama anakua au anadhoofu. Kwa bahari yetu jambo hili lina uzito zaidi, maana pwani ya Afrika Mashariki hugeuka pamoja na upepo. Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki huelekea kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi, upepo wa kusini wa katikati ya mwaka, hupita kwa nguvu mbele ya Lamu na kuendelea hadi Somalia. Kaskazi, upepo wa kaskazini wa mwanzoni mwa mwaka, ikishaingia, mkondo wa Somalia hugeuka na kushuka kusini, mikondo miwili ikakutana mbele ya pwani ya kaskazini ya Kenya, kisha ikapinda pamoja kuelekea bahari kuu. Huko maji ya baridi yenye virutubishi hupata nafasi ya kupanda, na ndiyo maana mwinuko wa chini ya bahari ulio mbele ya Lamu na ghuba ya Ungwana hufuatwa na wavuvi.

Kwa hiyo maji ya Februari na maji ya Julai, yakichotwa mahali pale pale, ni kama yametoka katika bahari mbili. Mtafiti akilinganisha kaskazi ya mwaka mmoja na kusi ya mwaka mwingine atatangaza badiliko ambalo halipo. Kaskazi hulinganishwa na kaskazi, kusi na kusi, na hilo pekee linatosha kueleza kwa nini safari hizi haziishi.

Vyombo vya kazi hii ni vichache. Kenya inayo RV Mtafiti, meli ya taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, iliyotolewa na Ubelgiji ambako awali iliitwa Zeeleeuw. Eneo hili limetembelewa pia na Dr. Fridtjof Nansen, meli ya mpango wa Norway na shirika la chakula na kilimo, FAO, ulioanza mwaka 1975, inayopeperusha bendera ya Umoja wa Mataifa. Ilipima maji ya Kenya na Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980, na meli ya tatu yenye jina hilo, iliyoanza kazi mwaka 2017, ikarudi Tanzania mwaka 2018. Vipimo vile vya zamani ni hazina. Hakuna fedha inayoweza leo kununua joto la maji ya mwaka 1982 kama hakuna aliyeliandika siku ile.

Sasa kazi yenyewe. Kabla ya kung'oa nanga, vituo huwa vimeshachorwa kwenye ramani, mara nyingi kwa mstari unaotoka pwani kwenda kilindini. Meli ikifika kituoni hupunguza mwendo na kusimama, mchana au usiku, na winchi hushusha fremu ya chuma iliyozungukwa na chupa ndefu za plastiki, kwa kawaida 12 au 24. Katikati ya fremu kuna vihisio vya joto, chumvi na mgandamizo, na mara nyingi vya oksijeni pia. Urefu wa waya hautoshi kutuambia kina, kwa kuwa mkondo huuvuta waya ukalala mshazari. Tunategemea mgandamizo: kila mita 10 za maji huongeza uzito unaokaribia ule wa hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu.

Chupa hushuka zikiwa wazi juu na chini, maji yakipita ndani yake bila kizuizi. Wakati wa kushuka tunasoma namba kwenye kompyuta, tukiona joto linavyoporomoka kutoka nyuzi 27 au 28 za juu hadi karibu nyuzi 10 kwenye mita 500. Wakati wa kupanda ndipo tunafunga chupa moja moja kwa amri ya umeme, kila moja na kina chake.

Fremu ikishatua sitahani, utaratibu wa kuchota hauvunjwi hata kama mawimbi yanaturusha. Oksijeni hutangulia, kwa sababu chupa ikishafunguliwa hewa ya nje huanza kuchanganyika na maji. Hufuata sampuli za kaboni, kisha virutubishi, na chumvi ya mwisho, kwani yenyewe haina haraka. Kwa oksijeni, mpira mwembamba huingizwa hadi chini ya kichupa, maji yakaachwa yafurike, pasibaki hata povu moja. Halafu hutiwa dawa mbili, moja ya manganizi na nyingine ya alkali yenye aidini, na mbele ya macho yako hutokea unga wa kahawia unaozama taratibu. Kadiri kahawia inavyokolea ndivyo oksijeni ilivyo nyingi. Maji yasiyo na oksijeni hutoa unga mweupe. Njia hii ni ya mwaka 1888, na bado ndiyo tunayotumia kuhakiki vihisio vya kisasa.

Unaweza kuona kwamba tunazidisha uangalifu. Basi tazama asidi. Bahari hufyonza takribani robo ya kabonidioksaidi inayotokana na shughuli za binadamu, na tangu kabla ya viwanda pH ya maji ya juu, yaani kipimo kinachoshuka asidi inapoongezeka, kwa wastani wa dunia imeshuka kutoka kama 8.2 hadi 8.1. Tofauti ya 0.1 inaonekana haba, lakini kwa jinsi kipimo hicho kilivyo, maana yake asidi imeongezeka kwa zaidi ya robo. Matumbawe na chaza, wanaojenga miili yao kwa chokaa, wanalihisi badiliko hilo. Povu moja kwenye kichupa au lebo moja iliyokosewa hutosha kulificha.

Mashapo, yaani tope na mchanga uliotuama chini ya bahari, yana habari ya namna nyingine, na nakiri kwamba moyo wangu uko huko. Maji hueleza hali ya leo. Tope la chini limeweka akiba ya miaka mingi. Kwa tope la juu tunashusha chombo chenye taya mbili za chuma ambazo hujifunga zinapogusa chini. Kipande cha tumbawe kikinaswa katikati ya taya, tope laini huvuja njiani na sampuli inamwagwa, hata kama imechukua nusu saa kuipandisha. Sehemu moja huchekechwa kwa tundu za nusu milimita ili tuhesabu minyoo, konokono na kaa wadogo walioishi humo. Sehemu nyingine huenda maabara kupimwa ukubwa wa chembe na metali.

Hapo kwenye metali ndipo umma hupotoshwa mara nyingi. Tope laini, lenye chembe za chini ya mikromita 63, hushika metali kuliko mchanga. Ukichukua tope la kwenye mikoko ya Tudor, Mombasa, ukalilinganisha na mchanga mweupe wa Diani, tope litaonyesha metali nyingi hata pasipokuwa na uchafuzi wowote. Kwa sababu hiyo, ripoti ya metali isiyotaja aina ya mashapo msiipokee haraka.

Tukitaka historia, tunazamisha mrija unaoingia wima ndani ya tope na kutoka na nguzo isiyovurugwa, tunayoikata sentimita kwa sentimita. Umri wa tabaka hujulikana kwa risasi-210, aina ya risasi yenye mnururisho inayodondoka kutoka angani na kupungua kwa nusu kila miaka 22 hivi, hivyo inatufikisha nyuma karne moja na kidogo. Mbele ya mdomo wa Sabaki kumbukumbu hizo zina thamani kubwa. Mto huo, unaoitwa Athi huko juu na Galana katikati, hubeba udongo mwekundu wa mashamba ya bara. Wakati wa kusi udongo huo husukumwa kuelekea Ungwana. Wakati wa kaskazi hurudi kusini kuelekea hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyotengwa mwaka 1968, na kuyafunika matumbawe. Anayelima kando ya mto huo huko bara ana mkono wake katika tope tunalolikata sitahani.

Na kuna sababu ya kisheria ambayo wengi hawaifikirii. Tarehe 25 Julai 2020 meli ya Wakashio ilipanda mwamba huko Mauritius, na mwezi uliofuata karibu tani 1,000 za mafuta zikavuja. Baada ya ajali kama hiyo, swali la kwanza la bima na mawakili ni hili: kabla ya hapo palikuwaje? Nchi isiyo na vipimo vya siku za kawaida hupata shida kuthibitisha hasara yake. Meli za mafuta hupita mbele ya pwani yetu kila siku, na namba hizo ni lazima ziwepo mapema.

Kuhusu hofu ya mafuta na samaki: upimaji wa kutafuta mafuta hutumia milipuko ya hewa iliyogandamizwa, inayosikika mbali sana chini ya maji. Uchotaji wa maji na mashapo hauna milipuko. Kinachogusa sakafu ya bahari ni taya au mrija, katika eneo dogo lisilozidi meza ya kulia chakula.

Hatari iliyopo ni ya kugongana. Waya ukiwa majini, meli haiwezi kuwakwepa ninyi wavuvi. Mchana tafuteni alama tatu nyeusi zilizotundikwa moja juu ya nyingine: duara, umbo la almasi, duara. Usiku ni taa tatu, nyekundu, nyeupe, nyekundu. Mkiziona, msikatize karibu na ubavu wala tezi, na msitege jarife mbele ya meli hata kama imesimama, kwani mkondo unaisogeza. Mwenye redio ya VHF atupate chaneli 16, amtajie nahodha mahali nyavu zake zilipo, na kituo kitasogezwa.