Namba ya Hounsfield: jinsi CT scan inavyoonyesha umri wa kiharusi

Daktari wa mionzi anapoisoma CT scan ya ubongo (picha ya eksirei inayoonyesha vipande vya ndani), huchora kiduara kidogo kwenye skrini juu ya sehemu anayoitilia shaka, na namba hutokea kando: 26, tuseme. Kisha huchora kiduara kingine mahali hapohapo upande wa pili wa ubongo, anapata 36. Zile pointi 10 zilizopungua ndizo habari yenyewe.

Namba hiyo inaeleza kiasi tishu inavyozuia mionzi ya eksirei. Imepewa jina la Godfrey Hounsfield, mhandisi Mwingereza ambaye mashine yake ilimpiga picha mgonjwa wa kwanza mwaka 1971. Maji ni 0, hewa ni -1000, mfupa mgumu unafika 1000 na zaidi; namba ikishuka, sehemu huwa nyeusi zaidi kwenye picha. Ubongo umebanwa kwenye kipande chembamba mno cha kipimo hicho: sehemu nyeupe (ya nyuzi za neva) ni kama 20 hadi 30, ya kijivu (ya miili ya seli) ni 35 hadi 45; majina hayo ni ya rangi ya tishu yenyewe, si ya picha.

Mshipa ukiziba, seli zinakosa nishati, pampu zinazotoa sodiamu nje zinakwama, sodiamu inajaa ndani na maji yanaifuata. Kwa kuwa maji ni 0, yanaivuta namba chini: maji yakiongezeka kwa asilimia 1 tu, inashuka kwa takriban 2.5. Kwa hiyo anayepima kiharusi cha kuziba anapima maji, hata kama hasemi hivyo.

Maji hayo huingia polepole, na hapa ndipo ndugu wa mgonjwa huchanganyikiwa. Mtu mdomo umepinda, mkono hauinuki, na picha inarudi safi! Katika saa chache za mwanzo hilo ni jambo la kawaida. Picha ya mapema hupigwa hasa kuhakikisha hakuna damu iliyovuja, maana dawa ya kuyeyusha bonge la damu linaloziba mshipa ikimpata anayevuja damu inaweza kumuua. Dalili ya awali, ikiwepo, ni mpaka wa kijivu na nyeupe kufifia. Baada ya siku moja hivi doa jeusi huwa wazi, na uvimbe hufikia kilele kati ya siku ya 3 na ya 5.

Wiki ya 2 au ya 3 ina mtego wake. Seli za kusafisha mabaki na mishipa midogo mipya huingia, namba inapanda tena, doa linapotea kana kwamba mgonjwa amepona. Wataalamu huita hali hiyo ukungu. Miezi ikipita, tishu iliyokufa huondolewa, shimo hujaa maji, na namba inakaribia 0.

Kiharusi cha kuvuja damu huenda kinyume. Damu iliyoganda karibuni hung'aa kwa 60 hadi 80, kwa sababu ya protini ya hemoglobini iliyosongamana. Hemoglobini inavyovunjwa, weupe hufifia kuanzia kingo; baada ya wiki kadhaa bonge hulingana na ubongo, baadaye huwa jeusi kuliko ubongo. Na mgonjwa mwenye upungufu mkubwa wa damu anaweza kuvuja leo asubuhi, bonge lake likaonekana la wiki mbili. Ndiyo maana namba husomwa pamoja na saa dalili zilipoanza.