Maltitaskingi na maltiprosesingi: cherehani moja, nguo tano

Fundi mwenye cherehani moja anaweza kuwa na nguo tano za wateja watano mezani. Anapiga pindo la suruali, anaiweka kando, anachukua gauni na kulitia mkono mmoja, halafu anairudia suruali. Ukipita jioni utakuta zote tano zimesogea. Lakini sindano ni moja, na kila wakati ilikuwa juu ya nguo moja tu. Hiyo ndiyo maltitaskingi. Akiongeza cherehani ya pili na fundi wa kuikalia, nguo mbili zinashonwa kweli katika sekunde ileile. Hiyo ndiyo maltiprosesingi.

Maneno haya mawili ya kompyuta huchanganywa sana, na sababu inaeleweka: kwa aliyekaa mbele ya skrini, yote mawili yanafanana. Muziki unapiga, faili linashuka, mwenyewe unaandika barua. Tofauti iko ndani. La kwanza ni ustadi wa mfumo endeshi (programu kuu inayosimamia nyingine zote), la pili ni wingi wa prosesa (sehemu ya kompyuta inayotekeleza maagizo ya programu).

Ustadi wenyewe uko hivi. Kompyuta ina kipima muda kinachoikatiza prosesa mara kwa mara. Linux, mmoja wa mifumo endeshi, ikipangiwa mipigo 250 kwa sekunde hukatizwa kila milisekunde 4. Kila inapokatizwa, mfumo endeshi hushika usukani na kuamua nani aendelee. Mfumo ukiamua kubadilisha, unahifadhi mahali programu ilipofikia pamoja na namba zilizokuwa kwenye rejista (vihifadhi vidogo vya ndani) za prosesa, unarudisha za programu nyingine, kisha unaiachia. Ni kama fundi anayetoa uzi mweusi na kutia mweupe: wakati anabadilisha uzi, hakuna kinachoshonwa. Ndiyo maana maltitaskingi haiongezi kasi ya prosesa hata kidogo. Inachofanya ni kutoiacha ikae bure wakati programu moja inasubiri diski au kidole chako.

Jambo hili lilikuwepo kabla ya prosesa nyingi kuenea. Mwaka 1961, Fernando Corbató na wenzake wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, walionyesha mfumo wa CTSS, ambao uliwawezesha watu kadhaa kutumia kompyuta moja kwa zamu fupi kiasi kwamba kila mmoja alijiona yuko peke yake.

Mfano unaonipendeza zaidi ni mfumo endeshi wa Windows 95. Iliendesha programu nyingi kwa pamoja, lakini ilijua kutumia prosesa moja tu. Ungeifungia mashine prosesa mbili, ya pili ingekaa bure. Windows NT, iliyotoka 1993, iliweza kuzitumia zote mbili. Kwa hiyo prosesa ya ziada haitoshi. Lazima mfumo endeshi ujue kuigawia kazi.

Mwaka 2005 kampuni za Intel na AMD zilianza kuuza prosesa za viini viwili kwa kompyuta za mezani, kila kiini kikifanya kazi kama prosesa kamili, kwa kuwa kuongeza kasi ya kiini kimoja kulikuwa kunaleta joto lisilovumilika. Leo simu ya kawaida ina viini vinane, na muuzaji atakutajia namba hiyo kwanza. Tafadhali usiisome kama kasi mara nane. Mafundi wanane hawawezi kulishona gauni moja kwa wakati mmoja, maana kola haiwekwi kabla mabega hayajaunganishwa. Mbunifu wa kompyuta Gene Amdahl aliieleza hoja hii mwaka 1967: ikiwa asilimia 10 ya kazi lazima ifanywe kwa kufuatana, viini vinane vitakupa kasi isiyofika mara 5, na hata ukiweka prosesa 1,000 hutafika mara 10.

Kuna pia mkasi unaogombewa, yaani data moja inayotakiwa na programu mbili kwa pamoja. Tuseme salio ni shilingi 10,000 na programu mbili zinaongeza 1,000 kila moja. Zote zinasoma 10,000, zote zinaandika 11,000, na shilingi 1,000 imepotea. Hatari hii ipo hata kwenye prosesa moja, kwa sababu programu inaweza kukatizwa ikishasoma na kabla haijaandika. Kwenye prosesa nyingi haisubiri hata kukatizwa, kwani mikono miwili iko kwenye daftari moja papo hapo. Dawa yake ni kufuli: anayeandika anafunga, wengine wanangoja. Kungoja huko nako kunakula kasi.

Mashine zetu za leo hufanya yote mawili kwa pamoja, kila kiini kikizungusha zamu zake. Ukiwa na Linux, andika amri ya nproc kwenye dirisha la amri uone idadi ya prosesa ambazo mfumo unaziona, kisha ps -e uone programu zilizo hai. Ya kwanza huenda ikakupa 4 au 8. Ya pili itakutolea orodha ndefu inayopita urefu wa skrini, na nyingi kati ya hizo wakati huo zimelala zikisubiri kuitwa.